Upande wa Pili wa Sahani

Najua wengi wenu mlinifuata kwa sababu ya ng'ombe. Sawa. Jumamosi mafahali watapigana kama kawaida, isukuti itakuwepo, na nitawaletea kila kitu. Yule wa Shinyalu mliyekuwa mnamuuliza amepona mguu. Lakini leo hakuna ng'ombe. Leo naongea juu ya mwimbaji mmoja wa Kijapani, juu ya kukhu yangu, na juu ya ile video ya kukhu ambayo niliitoa na mpaka leo mnaniuliza niliitoa kwa nini.

Turudi 2020. Shule zilifungwa Machi, mimi niko kidato cha pili, na nyumbani kwetu hapa Khayega kulikuwa na simu moja ya maana, ya Mama, imepasuka kioo kwenye kona. Bando ya bob ishirini, na lazima itoshe watu wanne. Mwisho wa ule mwaka wimbo mmoja wa Kijapani ukaanza kutokea kila mahali TikTok. Kama ulikuwa huko unaujua, hata kama jina hulijui. Besi yake inatembea kama mtu amevaa viatu vipya na anataka mvione. Halafu sauti ya msichana inaingia, na hata kama huelewi neno, unajua kuna mtu amemwacha.

Unaitwa Mayonaka no Door, yaani mlango wa usiku wa manane, na kuna kipande cha Kiingereza kwenye jina, Stay With Me. Mwimbaji ni Miki Matsubara. Ulitoka tarehe 5 Novemba 1979 na alikuwa hajafikisha hata miaka 20. Ndio ulikuwa wimbo wake wa kwanza kabisa kutoa. Muziki ulitungwa na Tetsuji Hayashi, maneno yakaandikwa na Yoshiko Miura. Kwao Japani ulipendwa, lakini haukuingia hata kumi bora. Halafu miaka ikapita. Miaka arobaini na moja! Msichana wa Indonesia anaitwa Rainych, mtu wa kuimba nyimbo za wengine YouTube, akaurudia, na Desemba hiyo ule wa Miki mwenyewe ukawa namba moja kwenye orodha ya Spotify ya nyimbo zinazosambaa kwa kasi duniani kote.

Miki hakuyaona hayo. Alifariki Oktoba 2004, saratani, akiwa na miaka 44.

Sasa, kitu kilichonishika sana si wimbo peke yake. Kulikuwa na mchezo fulani: vijana wenye mama Wajapani wanaucheza bila kumwambia mama kitu, halafu wanamrekodi. Mama anaosha vyombo, anasikia, anageuka, macho yanabadilika, anaanza kuimba neno kwa neno. Mtoto anabaki anamwangalia mama yake kama mgeni. Nilitazama hizo video mpaka bando ikaisha, nikakopa nyingine.

Nilijiambia siku moja nitafanya hiyo kitu hapa Khayega. Ilinichukua miaka mitano.

Kwa kukhu ningecheza nani? Hapo sikufikiria mara mbili. George Mukabi. Kama wewe ni wa rika langu unaweza usimjue, na sikulaumu, mimi mwenyewe nilimjulia kwa kukhu. Ni mtu wa Kisa, kule Khwisero, kaunti hii hii yetu ya Kakamega. Gita kavu, hakuna stima, vidole tu, mtindo wanaouita omutibo, na pembeni mtu anagonga chupa ya soda. Ukisikiliza vizuri utaskia hiyo chupa. Wimbo wake mkubwa ni Sengula Nakupenda. Alifariki 1963, bado kijana, mwaka ule ule Kenya ilipata uhuru. Mwanawe Johnstone Ouko Mukabi alikuja kuupiga mtindo huo huo. Na zaidi ya miaka hamsini baada ya kifo chake, kampuni ndogo ya Marekani, Olvido Records, ikakusanya nyimbo zake ikazitoa kwa sahani nzima, ikaiita Furaha Wenye Gita. Unaona inavyofanana na ya Miki? Mtu amelala kaburini, wageni wanabisha mlango.

Basi nikamkuta kukhu nje, anapepeta maharagwe. Simu nimeiegemeza kwenye ndoo. Nikabonyeza.

Wale mlioona mnajua. Ungo ulisimama. Hakuimba mara moja, alisikiliza kwanza chupa, kichwa kimeinama upande. Halafu akaanza, na sauti iliyotoka si ya kukhu ninayemjua, yule wa "mmefunga kuku?" na "huyu mtoto atakula saa ngapi?" Ilikuwa sauti ya msichana wa miaka kumi na nane, mjeuri kidogo. Mwisho akacheka, akafunika mdomo kwa kanga, akauliza nimetoa wapi hiyo kitu.

Watazamaji 212,000. Video yangu ya ng'ombe iliyofanya vizuri kabisa haikufika hata nusu ya hapo. Maoni yalikuwa mengi mpaka simu ikapata moto. Watu wa Vihiga wakaja kwa fujo kusema kama ni wakongwe basi Daudi Kabaka ndio baba yao, na kusema kweli wana hoja: Helule Helule yake ilichukuliwa na kundi la Waingereza, The Tremeloes, na mwaka 1968 ikafika namba 14 kule Uingereza. Namba 14! Mtu wa kwetu, matatu ya Kisumu inapita kwao kabla hujamaliza njugu za kumi. Ni Waingereza wangapi waliocheza ule wimbo wakajua jina lake? Nilitaka kuandika chapisho zima juu ya hilo, bado nitaandika, msiniharakishe.

Duka moja la vifaa vya simu hapa sokoni likanipa 4,500 nitangaze kava zao chini ya ile video. Nikamletea kukhu 500 na kilo mbili za sukari. Nilijiona mtu mzima.

Akazihesabu ile noti moja kama ziko tano. Akauliza, "Hizi ni za nini?"

"Za wimbo, Kukhu. Ule uliimba."

"Wimbo ni wangu?"

"Si wako, lakini..."

"Mukabi aliacha watoto. Hao wamepewa ngapi?"

Nilicheka. Nikamwambia haifanyi kazi hivyo. Akasema, "Basi nieleze inafanya kazi vipi," kwa upole kabisa, na nikagundua sijui. Nikaenda kutafuta. Sheria ya hakimiliki ya Kenya inasema kazi ya mtunzi inalindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Mukabi alikufa 1963. Hesabu mwenyewe: mwisho wa 2013 ulinzi wa mtunzi uliisha. Nikarudi mbio kumwambia kukhu niko sawa kisheria. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hivyo mtu akikaa sana kaburini, vitu vyake vinakuwa vya kila mtu," akasema, na akaendelea na maharagwe yake. Hakuwa anauliza. Zile 500 ziko mpaka leo kwenye kopo la majani, hajaziguza.

Wiki ya tatu ndio mambo yakaharibika. Mtu nisiyemjua, wa mbali, alikata sauti ya kukhu, akaweka mdundo chini, akatengenezea tangazo la kamari. Sauti ya kukhu yangu, ile kicheko chake cha mwisho, halafu mtu anakuambia weka mia upate elfu kumi. Kukhu ni wa Mukumu, kama mnajua Mukumu mnajua namaanisha nini: misa kila Jumapili, kikundi cha kina mama, sare imepigwa pasi tangu Ijumaa. Mama mmoja wa hicho kikundi alimchezea hiyo tangazo nje ya kanisa, mbele ya wengine, akimuuliza kama siku hizi ameanza kucheza kamari.

Alirudi nyumbani kwa miguu. Kutoka Mukumu mpaka kwetu, na boda zimejaa barabarani. Hakunigombeza. Alisema tu, "Wamenichukua bila kuniuliza," na akaingia kuvua sare.

Usiku huo nikaitoa video. Ile sauti bado inatembea huko nje, hiyo siwezi kuirudisha. Nimeripoti mara nne, wanatoa moja inachipuka nyingine. Lakini kilichonikosesha usingizi si yule wa kamari. Ni kwamba yule jamaa alimfanyia kukhu kitu kile kile mimi nilimfanyia Mukabi, tofauti yake na yangu ni kamari tu. Mimi nilikuwa na ndoo na maharagwe na hisia nzuri, sawa, lakini niliuliza nani? Khwisero si mbali. Unashuka Sigalagala unashika barabara ya Butere. Sijawahi kwenda.

Sasa kuna sehemu ya hii habari sijawahi kuwaambia.

Mnajua niliacha chuo. Kwenye ile video ya kujitambulisha nilisema ni karo, na wengi mlinitumia pole, wengine mpaka pesa. Karo ilikuwa shida, sidanganyi. Lakini ilikuwa imebaki salio dogo, na Baba alikuwa ameshaongea na mtu wa kumnunua ng'ombe wetu wa maziwa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeacha kuingia darasani tangu mwezi wa pili wa ule muhula. Nilikuwa nakaa chumbani natazama watu wanavyotengeneza video. Siku Baba alipopiga simu kusema mnunuzi amepatikana, nikamwambia asiuze, naacha. Alinyamaza muda mrefu. Akasema, "Sawa, mwanangu," akakata. Tangu siku hiyo tunaongea kupitia watu. "Mwambie kijana afunge geti." Na mimi nimesimama hapo hapo kando ya geti.

Baba ni mwalimu wa shule ya msingi. Na jinsi alivyokuwa mwalimu ndio nilikuja kuijua jioni moja baada ya hayo yote, kwa kukhu, kwa sababu ya Miki Matsubara.

Nilikuwa nimeenda kumwomba msamaha. Sikujua nianzie wapi, nikamwambia acha nikuchezee wimbo ulioanzisha haya yote. Nikampa simu aishike mwenyewe. Alisikiliza Mayonaka no Door kutoka mwanzo mpaka mwisho, zaidi ya dakika tano, bila kusema kitu, kidole kikipiga taratibu kwenye goti.

"Huyu msichana anamwomba mtu asiende," akasema.

Nikamwambia ni kweli kabisa, umejuaje. Akaniangalia kama nimeuliza maji yanalowesha vipi.

"Na upande wa pili anasema nini?"

Sikuelewa. Upande gani? Akaanza kunieleza, na samahanini wale mnaojua hizi vitu, mimi nilizaliwa 2003. Zamani wimbo haukuja peke yake. Sahani ina pande mbili, kila upande wimbo wake. Unanunua kwa sababu ya ule mmoja umeusikia redioni, ule wa nyuma unakuja nao. Babu alikuwa kibarua wa reli Nairobi, anaishi Makongeni, na alipokuja likizo mwaka mmoja alishuka na gramafoni na sahani chache, ya Mukabi ikiwemo. Ilikuwa imenunuliwa mkononi mwa mtu, karatasi ya katikati imechakaa, ule upande wa nyuma jina halisomeki. Kijiji kizima kilikuja kusikiliza Sengula. Walijaa mpaka nje, wanacheza, vumbi.

"Hiyo ilikuwa ya wageni," kukhu akasema. "Wageni wakishaenda, babu yako anaigeuza."

Nikamuuliza iko wapi. Gramafoni, sahani, yote iko wapi. Akasema aliuza 1983. Babu alikuwa ameshakufa. Baba yangu alikuwa ameitwa kidato cha kwanza, na kilichokuwa na bei nyumbani kilikuwa kuku, kitanda na hiyo gramafoni. Mnunuzi alitaka na sahani zote, akazifunga kwa gunia. Baba mwenyewe ndiye aliyemsaidia kubeba mpaka barabarani.

Nilikaa hapo. Nilitaka kusema kitu juu yangu na chuo, na kila sentensi niliyoijaribu kichwani ilikuwa ya kijinga.

Kwa hivyo nikatafuta upande wa pili wa Miki. Upo. Unaitwa Soushite Watashi ga, waandishi ni wale wale wawili. Nilikuwa nimeusikiliza ule wa mbele labda mara elfu, tangu niko kidato cha pili, na sikuwahi hata kujiuliza kama kuna mwingine nyuma yake. Tukausikiliza na kukhu. Siwezi kuwaambia ni mzuri kuliko ule. Hauna ile besi ya viatu vipya. Hakuna mtu atacheza nao kwa mama yake jikoni. Lakini ni yeye yule yule, siku ile ile aliyotolewa duniani, na unasikika kama msichana wa miaka kumi na tisa ambaye hajui kama kuna mtu atageuza sahani. Pengine ni mimi naongeza chumvi. Kukhu alisema, "Huu ni mzuri wa kulalia."

Halafu, bila kuombwa, akaanza kuimba ule wa nyuma wa sahani yao.

Simu ilikuwa mkononi mwake, si mwangu, na hata ingekuwa mwangu nafikiri ningerekodi, nisijifanye malaika. Basi hakuna video, msiulize. Siwaandikii maneno pia. Ninaweza kuwaambia ni wa polepole, na kukhu alikuwa anagonga kikombe cha bati kwa kucha mahali pa ile chupa ya soda. Ubeti wa kwanza ulienda. Wa pili ukaenda mpaka katikati, hapo akakwama. Akarudi nyuma, akajaribu tena, akakwama pale pale. Miaka arobaini na kitu bila kuusikia, mnategemea nini? Nikaona uso wake unaanza kuogopa, ile hofu ya wazee wakikosa jina la mtu.

Baba alikuwa kwenye kibaraza, giza limeingia, anasahihisha vitabu vya watoto kwa taa ya sola. Sikujua kama anasikia. Na sauti ikatoka huko, nzito, haiimbi vizuri hata kidogo, ikachukua mstari pale kukhu alipouachia na kuuvusha mpaka ng'ambo. Kukhu akaudaka. Wakaenda pamoja mpaka mwisho, yeye ndani na Baba nje, na ukuta wa udongo katikati. Mimi nilikuwa naangalia mlango.

Wimbo ulipoisha kulikuwa kimya kidogo. Vitabu vikafungwa, kimoja kimoja.

"Mama," Baba akasema kutoka nje, "ule ubeti wa pili unaukosea tangu zamani."

"Wewe ndio unakosea," kukhu akamjibu.

Halafu Baba akaita jina langu. Jina langu lenyewe, si "mwambie kijana". Akauliza kama hiyo simu ina chaji, na kama huko kwenye mitandao kuna mtu anaweza kuwa na hiyo sahani.

Ndio nauliza sasa. Mukabi, Sengula upande mmoja, upande wa pili karatasi imechakaa. Iliuzwa hapa Khayega 1983 ndani ya gunia. Kama nyumbani kwenu kuna gunia la hivyo, au babu yako anajua wimbo wa nyuma, niandikie. Usinitumie rekodi. Niambie tu uko wapi, nitakuja na Baba.